Mpira Mahali pa Chuma

Guangzhou, stoo, alasiri

Elia mwanangu,

Hali yako siiulizi, maana umetoka hapa sasa hivi na chapati mdomoni, ukaniambia unakwenda soko la Shisanhang kutafuta jaketi la baridi na kuwaaga wenzako. Nilikuitikia "haya" bila kuinua kichwa. Ulidhani nakaza belo. Nilikuwa nakaza meno.

Nimefungua begi lako. Usikasirike kwanza. Nilikuwa natafuta pa kuchomeka zile karanga mama yako alizokutumia kutoka Kahama. Chini kabisa, ndani ya taulo, nikakuta kile chuma chetu cha kukazia mikanda ya belo. Nimekitafuta wiki nzima, nimewagombeza watu wa Mungu bure, kumbe kimelala kwako kama mtoto mchanga.

Wewe kesho unaruka Amerika, lakini chuma hakiendi Amerika, Elia. Uwanja wa ndege hawakiruhusu hata mlangoni. Kwa hiyo safari yake ni fupi: kutoka chumbani kwetu mpaka getini, kwenye kile kiti chekundu cha plastiki anapokaa yule mlinzi na chupa yake ya chai. Ulipanga kumpitia kesho asubuhi, umpasue kichwa, kisha urukie teksi. Nimekosea? Mimi ni baba yako mkubwa, nilikulea tangu baba yako Doto, pacha wangu, alipofariki. Ukivuta pumzi najua umekula nini.

Na mimi nilimwona siku walipomhamishia kwetu. Nilikuwa napanda na mfuko wa mchele, nikamkuta pale amepandisha mguu juu ya mguu, mlinzi mpya, sare imepigwa pasi. Nikasimama. Mchele ulinimwagikia viatuni nisijue. Dunia ina majengo mangapi, na kampuni yao ya ulinzi imlete yeye, aliyemfanyia Mzee Otis vile, kwenye geti letu.

Ningekaa na wewe ana kwa ana nikwambie haya, lakini unanijua. Nikifungua mdomo hadithi inafura kama maziwa jikoni, wewe unaanza kucheka, tunaachana bila kusema neno. Basi naandika. Mwandiko wa darasa la saba utauvumilia. Mwalimu wangu alisema naandika kama kuku anayetafuta punje. Sawa, lakini kuku huyo ameandika anwani za mizigo jengo la Tianxiu mpaka wenye shahada wakawa wanampangia foleni.

Mambo ya soksi, kula vizuri na kupiga simu utajijua mwenyewe. Nataka nikueleze habari za Mzee Otis, kuanzia pale usipopajua mpaka pale unapodhani unapajua. Wewe ulimkuta ni babu wa magoti mabovu anayekufundisha kurusha mpira wa Kimarekani kule uwanja wa chuo. Alikuona siku ya kwanza unarushia chupa kwenye pipa la taka, akaniuliza mkono ule umeutoa wapi. Nikamwambia mtoto huyu amelinda mtama wa bibi yake kwa kombeo, kwelea wa Shinyanga nzima wanamfahamu kwa jina. Akacheka mpaka akakohoa. Lakini kesho yake alikuja na mpira.

Kwamba alikuwa kotabeki, yaani mrushaji mkuu wa timu, mweusi wa kwanza katika kile chuo cha wazungu huko majimbo ya Kusini ya Amerika, hilo mtaa wote wa Xiaobei unalijua, kwa sababu niliwatangazia mimi. Niliwaambia alirusha mpira kutoka ng'ambo hii ya mto mpaka ng'ambo ile ukampata mtu kifuani, naye akawa ameketi anakula. Hiyo niliongeza chumvi kidogo. Ninayokwambia sasa sijaongeza, maana hayahitaji.

Zamani zile mweusi aliruhusiwa kukimbia na mpira, aliruhusiwa kuudaka na kuumizwa nao. Kusimama katikati na kuamua mpira uende wapi, hapana. Walisema mweusi ana miguu, kichwa hana. Sasa siku moja kotabeki wao alivunjika mtulinga, na aliyefuata akawa na homa, na kocha akatazama benchi akamwona Otis. Akamwambia, "Ingia, na usifanye lolote la ajabu."

Mchezo wao unaujua kuliko mimi, lakini nakukumbusha nilivyoelewa. Mbele ya kotabeki kuna ukuta wa watu wanene watano. Kazi yao ni kumlinda. Yeye hawatazami wanaokuja kumvunja, anatazama mbali, kwa yule atakayepokea. Sasa mpira wa kwanza uliporudi mikononi mwake, ukuta ulifunguka. Haukuvunjwa, mwanangu. Ulifunguka wenyewe, kama lango, watu wake mwenyewe wakasogea pembeni na kuwapisha maadui. Walimpiga kutoka pande mbili, kofia ile ya zamani ikamgeukia usoni, jino likatoboa mdomo wa chini likatokea upande wa pili. Na chini ya rundo, mahali mwamuzi haoni, ndiko kuna mambo yenyewe. Mmoja alimkanyaga vidole kwa viatu vya meno, akasokota kisigino. Mwingine alimng'ata sikio. Wa tatu alimtemea mate machoni na kumwuliza kama kwao hakuna pamba ya kuchuma.

Akainuka. Mpira wa pili, lango likafunguka tena. Safari hii ni mbavu. Alinionyesha pale, ulikuwa hujafika Guangzhou bado, akachukua kidole changu akakiweka. Ubavu mmoja ulikuwa umeungana vibaya, umebaki na kinundu kama kifundo cha muwa.

Basi wakakusanyika kwenye ule mduara wao wa kupanga. Anatema damu katikati ya miguu yao. Mmoja, mnene kuliko wote, anatabasamu. Akamwuliza, "Umechoka, kijana?"

Otis akamwambia, "Sijachoka. Sasa sirushi. Nakimbia nao mwenyewe, na napita mgongoni kwako."

"Kwangu?"

"Kwako. Ukifungua, nitafia mgongoni kwako. Mama yako yuko pale jukwaani na kofia ya njano. Ataona nimefia wapi."

Yule Mnene akainama mahali pake. Mpira ukaja, Otis akaingia mgongoni kwake akiwa amefumba macho, alikiri mwenyewe kwamba alifumba. Akasikia kishindo cha nyama kwa nyama. Mnene alikuwa amefunga. Alimkamata mtu wa upande wa pili kifuani, akamwinua, akampigiza chini mpaka pumzi ikatoka na sauti. Otis akapita juu yao.

Hawakuwa marafiki baada ya pale. Hakumpa mkono, hakumwomba radhi. Ila tangu siku ile, upande wa Mnene haukufunguka tena. Na kocha anayekupokea wewe huko, unajua ni mtoto wa nani? Ni mtoto wa huyo Mnene. Mzee Otis alipompelekea ile video yako ya kwenye simu, aliandika maneno machache tu: huyu ni wangu, mfungieni lango. Nilimwona akiandika.

Mimi nilimwuliza swali lile lile ulilo nalo wewe kifuani. "Mzee, hukumpiga hata mmoja? Hata kiwiko cha siri?" Kwa sababu mimi, Kulwa, ningewalaza wote pale, na waamuzi juu yao.

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Kwa kitu gani, Kulwa? Ningempiga kwa kitu gani? Mikono ilikuwa na mpira."

Alikuja Guangzhou kununua jezi za vijana wa kanisa lake. Mkewe alikuwa amefariki, nyumba imemshinda ukimya, akaahirisha kurudi, akaahirisha tena, mwisho akapanga chumba juu yetu. Alikuwa na pasipoti ile ya bluu, pasi ya kifalme, lakini barabarani alisimamishwa kama sisi. "Huzhao! Huzhao!" wanaitaka pasi, naye anawatolea, wanaigeuza wanaitazama kama noti ya bandia. Anarudi anacheka. "Nimezunguka dunia nzima," anasema, "nimekuta swali lile lile."

Msako unaukumbuka. Tangu mwaka wa ile michezo mikubwa ya Beijing, viza zilikuwa kama kuku wa sikukuu, zinaonekana kwa mbali tu. Kule jengo la jinzi, Zhanqian, tulikokuwa na stoo ya kwanza, walikuwa wanafunga lango la mbele, wanapanda na walinzi wa kukodi wenye virungu, na watu wanamwagika ngazini kama maharage kwenye gunia lililopasuka. Anayeanguka anakanyagwa. Kijana mmoja aliruka dirishani akaangukia kibanda cha muuza supu, mfupa wa mguu ukatokea nje mweupe, supu ya moto ikammaliza ngozi. Alikuwa anapiga kelele kwa lugha ya kwao ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua.

Siku ile jioni Mzee Otis akatukusanya kwenye mduara, juu ya belo. Akasema, "Mnakimbia vibaya. Polisi anamfukuza anayekimbia. Basi akimbie asiye na kosa. Mwenye kosa atembee."

Ndiyo ule mchezo. Uwanjani kwao kotabeki anajifanya ameshika mpira, wote wanamrukia, kumbe mpira uko kwa mtu anayekwenda taratibu upande wa pili. Sisi tukapanga hivyo hivyo. Alama ikawa ni kelele ya "Mchele umeungua!" Ukisikia hivyo, sisi wenye viza nzima tunachomoka mbio kama wezi, tunaangusha vitu, tunapiga mayowe. Wao wote nyuma yetu. Wenye pasi zilizoisha wanashuka ngazi polepole, wanatoka, wanapotea.

Mama Koku wa Bukoba, yule aliyekuwa anasuka nywele ghorofa ya tatu, viza yake ilikuwa imekufa zamani. Akasema, "Mzee, mimi kutembea polepole na moyo unanidunda hivi? Si nitazimia mlangoni?"

"Tembea kama mtu anayetoka kununua vitunguu."

Akanunua vitunguu kweli. Kila siku anakuja kazini na mfuko wa vitunguu, hata vikaota majani.

Na mimi nilikimbia, Elia! Waulize. Nilikimbia kutoka Zhanqian mpaka nikapita stesheni ya treni, polisi nyuma, mmoja akavua kofia ili awe mwepesi, mwingine akakata tamaa akanunua maji. Wakinikamata ninatoa pasi safi. "Kwa nini unakimbia?" "Mazoezi, laoban. Daktari kasema." Papaa Didier, yule Mkongo wa simu, anasimama dirishani anawaambia wateja, "Angalieni ule Mutanzania, anakimbia sawa bata mwenye alishiba!" Na wateja wanacheka. Naye alikuwa anaona wivu, maana yeye kwa tumbo lile hakuweza hata kuikimbilia lifti.

Sasa ile siku ya suruali. Watu wanaicheka mpaka leo, wananiita Laoban Suruali, yaani Bosi Suruali, na mimi nacheka nao. Lakini wanacheka nusu ya kwanza tu.

Nilikuwa na mteja kutoka Lubumbashi, nikataka aone jinzi inavyokaa kwenye mwili wa mwanaume. Nikavaa mpya, ya sampuli. Pasi ikabaki kwenye suruali kuukuu, ukutani, kwenye msumari. Mchele ukaungua. Nikachomoka, na nakwambia sijawahi kukimbia vile. Wakanidaka chini ya daraja la waenda kwa miguu. Nikatia mkono mfukoni kwa madaha, nikatoa, nikawakabidhi lebo ya jinzi.

Hapo ndipo kicheko kinapoishia. Mmoja alinipiga kofi, la pili likanifungua mdomo. Mwingine akaniingiza goti hapa kwenye figo, nikakojoa kidogo, ndiyo, baba yako mkubwa, ndani ya suruali ya sampuli. Na mimi nikaona haya, na haya ikageuka hasira. Nikamtupia ngumi yule wa kofi. Ngumi nzuri, sitasema uongo. Niliusikia mfupa wa pua ukisagika kama ganda la yai chini ya kiatu. Akakaa chini, damu inamtoka puani na masikioni. Kwa muda ule mfupi nilikuwa bingwa wa China yote.

Kisha mwenzake akasema maneno kwenye redio yake. Wakarudi jengoni. Walifunga milango yote, mbele na nyuma, na hawakumfukuza yeyote sasa, walikusanya tu. Waliokimbia, waliotembea, wenye vitunguu. Mimi nilikuwa tayari kwenye gari lao, jicho limeziba, pingu zimeingia nyamani. Mlango ukafunguliwa, wakamsukuma ndani Mama Koku. Hakuwa analia. Nywele zilikuwa zimenyofolewa upande mmoja, ngozi inaonekana, na mfuko wa vitunguu bado ameukumbatia. Akanitazama usoni, akatazama vidole vyangu vilivyochubuka.

"Kulwa," akasema, "sasa mkono umepoa?"

Walimfunga, kisha wakamrudisha kwao na nguo aliyovaa. Kiti chake cha kusukia, vioo vyake, yote yalibaki hapa. Na si yeye peke yake. Nikimpigia simu Bukoba, kabla ya salamu ananiuliza, "Mkono umepoa?" Anatania. Nami najibu bado, tunacheka.

Mzee Otis ndiye aliyenifuata kituoni, na pasi yangu na pesa za faini mkononi. Uso wangu ulikuwa kama boga. Tulitembea mpaka nyumbani, na ngazini ndipo akaniuliza, "Kilikuwa kikubwa?"

"Nini, mzee?"

"Hicho ulichokipata kwa ngumi."

Sasa tufike pale unapodhani unapajua.

Siku ile ya mwisho ya Mzee pale Zhanqian, viza yako ilikuwa haijatoka, pasi iko ofisini kwao, mkononi huna hata karatasi. Mchele ukaungua. Wewe ulianza kukimbia, Mzee akakushika kola. Nilisikia alichokwambia: "Wewe tembea." Ukasema magoti yake ni mabovu. Akasema, "Magoti ni yangu." Akachukua mpira kwapani, kama alivyofanya siku zote ili wadhani ni kitu cha wizi, akatoka anapiga kelele kwa Kiingereza. Ukatembea. Ulishuka ngazi za nyuma na boksi la chai mikononi, ukasikia nyuma yako virungu vinapiga kitu, ukaendelea kutembea.

Najua unalala na sauti ile. Najua unajiona kama ukuta uliofunguka. Ndiyo maana kuna chuma kwenye taulo.

Sasa sikiliza nilichokiona mimi, maana nilikuwa nimeshikwa na wawili pale kwenye kona ya ngazi, hatua chache kutoka alipoangukia. Nilikuhadithia robo tu kwa sababu nilishindwa kufika mwisho bila kulia, na mimi silii mbele ya watoto.

Walimfikia kwenye kile kituo cha ngazi chenye dirisha kubwa. Akasimama, akageuka, akainua pasi ya bluu juu. Polisi mmoja akaiona, akainua kiganja, akasema imetosha. Hiyo ndiyo ilikuwa filimbi, Elia. Mchezo umekwisha, kila mtu ameachia. Na yule mlinzi, huyu anayekaa getini kwetu sasa, akampiga baada ya filimbi. Kirungu kilishuka juu ya sikio. Sauti yake ilikuwa kama ya nazi. Pasi ikaruka. Mzee akapiga magoti, yale magoti, akapigwa tena begani, na mfupa wa bega ukashuka mahali ambapo bega halitakiwi kuwa. Mara ya tatu ilikuwa usoni. Nilipiga kelele mpaka yule aliyenishika akanikaba. Hata polisi alimpigia kelele mlinzi. Alikuwa hasikii, alikuwa na macho ya mtu anayeua nyoka.

Na mikono ya Mzee ilikuwa wapi? Mtu akipigwa kichwani anainua mikono, wewe umepigwa unajua, mikono inapanda yenyewe. Yake haikupanda. Ilikuwa imeukumbatia mpira, yote miwili, vidole vimefungana. Nilidhani amepagawa. Kisha nikatazama macho. Lilibaki jicho moja linaloona, na halikuwa linamtazama mlinzi. Lilikuwa linatazama juu ya bega la mlinzi, kupitia dirishani, chini barabarani. Nikageuza shingo pale pale nilipokabwa. Ulikuwa wewe. Ulikuwa unavuka barabara na boksi la chai, polepole, kama mtu anayetoka dukani.

Alikufuata kwa jicho lile mpaka ukaingia kwenye kichochoro. Damu ilikuwa inamwingia, hakupepesa.

Walipoondoka niliinama kwake. Mdomo ulikuwa umejaa meno yake mwenyewe. Akaniuliza, "Amefika?"

Nikamwambia, "Amefika, mzee."

Ndipo akaachia mpira. Hospitali alikaa akipumua tu, hakusema neno jingine, mpaka wanawe walipokuja kumchukua akiwa ndani ya sanduku. Wakubwa waliandika kwamba aliteleza ngazini. Nilikwenda kusema nilichokiona, wakaniambia meiyou, hakuna kitu, rudi kazini. Nikarudi tena, wakaniambia vile vile, na nitarudi mpaka watakaponichoka. Hiyo ni kazi yangu, na ina muda wake. Wewe yako inaruka kesho.

Kwa hiyo usiniambie ulimwacha. Hukumwacha. Aliurusha, nawe ukaupokea. Ukimpasua yule kijana wa watu kesho, utasikia raha ileile niliyoisikia chini ya daraja, na itadumu kwa muda uleule. Kisha wataingia jengoni, wafunge milango yote. Ghorofa ya nne kuna dada wa Mbeya mwenye mtoto mchanga, viza yake imekufa. Wewe utakuwa chini na buti shingoni, ndege inapita juu, na Mzee Otis atakuwa amekufa kwa ajili ya boksi la chai.

Sasa mduara. Sogea karibu.

Chuma nimekitoa. Nimekitupa mahali ambapo hata ukinichoma moto siwezi kukuonyesha. Mahali pake begini nimeweka mpira wa Mzee. Wanawe waliniachia, wakasema wewe ndiye mwenyewe. Nimeusugua kwa sabuni, doa moja limegoma kutoka, karibu na nyuzi. Liache. Lakini kesho usiuache begini. Begi livae mgongoni, na mpira uubebe kwa mikono yote miwili tangu mlangoni kwetu, kama alivyokufundisha, vidole vimefungana.

Asubuhi nitashuka kabla yako. Nitamsalimia yule mlinzi vizuri, nitamwomba moto wa sigara. Kisha nitanyakua ile chupa yake ya chai nikimbie nayo. Usicheke. Nimemsoma, ile chupa anaipenda kuliko mke, na hawezi kuvumilia kuchekwa. Atanifuata, na mwenzake atamfuata yeye. Utasikia "Mchele umeungua!" Ndipo ushuke. Kile kiti chekundu utakikuta kitupu. Hutamwona uso, naye hatakuona. Usikiangalie, usikipige teke, usikitemee mate. Kipite kama kiti.

Pasi ninayo. Nimeishona kwenye mfuko wa suruali nitakayovaa, kwa uzi wa belo, hata wakinivua suruali itabaki nayo. Viza ni nzima. Goti langu moja si zuri siku hizi, na wewe tu ndiye unayelijua hilo, Papaa Didier asilisikie. Pengine atanipata, pengine atanipiga, kile kirungu bado anacho. Ninajua kuanguka, nilifundishwa na bingwa: kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, usiuzuie mwili kwa kiganja. Na ukisikia virungu nyuma yako, unajua la kufanya. Umeshafanya gumu kuliko hilo.

Huko uendako ukuta utafunguka siku moja. Sijui lini wala ni nani atakayesogea pembeni. Utapigwa, na utaniambia kwenye simu, na mimi nitawaambia watu wa Xiaobei kwamba uliwapita wote. Nitaongeza chumvi, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini wewe uniambie ukweli kwanza.

Teksi itakuwa ng'ambo ya barabara, ya kijani, dereva nimezungumza naye. Ukishaingia na mlango ukafungwa, mwambie apige honi, moja, ndefu. Huenda nitakuwa bado nakimbia na chupa ya chai mkononi, huenda nitakuwa chini, na huenda macho yangu yote mawili yatakuwa yameziba kwa uvimbe. Nitaisikia tu. Sihitaji kuuliza mtu yeyote kama umefika.

Baba yako mkubwa,
Kulwa